Mazoezi na maumivu sugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

Maumivu sugu ni yapi hasa?

Ni maumivu yanayodumu, au yanayokwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Ndivyo yanavyoelezwa katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyoanza kutumika Januari 2022. Katika orodha hiyo maumivu sugu yamepewa nafasi yake yenyewe, hayahesabiwi tena kuwa dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Wapo ambao maumivu yao yana chanzo kinachoendelea, kama baridi yabisi au magoti yaliyosagika. Wapo ambao jeraha lilipona zamani, maumivu yakabaki. Na wapo ambao hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha chochote, ingawa wanaumwa kweli. Majibu haya yanawahusu wote, isipokuwa pale palipotajwa vinginevyo.

Nikiumwa, si mwili unaniambia nipumzike?

Kwa jeraha jipya, ndiyo, siku chache za kupunguza kazi zina maana. Kwa maumivu ya miezi na miaka, kupumzika sana hugeuka kuwa sehemu ya tatizo. Misuli isiyotumika hupungua nguvu, viungo hukakamaa, pumzi inakuwa fupi, usingizi unavurugika, na kazi iliyokuwa nyepesi mwaka jana inakuwa mzigo. Hata mgongo ulioanza kuuma juzi haufaidiki sana na kitanda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulilinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku 2 na walioambiwa walale siku 7. Wale wa siku 7 hawakupona haraka zaidi, bali walikosa kazi siku nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine. Maumivu yakikaa muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo huongeza usikivu wao, hata mguso mdogo au mwendo wa kawaida ukaleta maumivu makali. Ni kama mbwa wa ulinzi aliyewahi kuvamiwa usiku: sasa anambwekea hata mwenye nyumba. Kubweka ni kwa kweli, na hofu yake ni ya kweli, ila mwizi hayupo. Mbwa huyo hatulii kwa kufungiwa ndani. Hutulia akizoeshwa, taratibu, kwamba nyayo hizi si za adui.

Mazoezi yanapunguzaje maumivu?

Kwa njia kadhaa kwa pamoja. Mwili unapofanya kazi, ubongo hutuma ishara zinazoshuka kwenye uti wa mgongo na kupunguza ujumbe wa maumivu unaopanda, na mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza, zikiwemo endofini. Misuli ikipata nguvu, kiungo kinachouma hupata msaada. Usingizi huwa mzito zaidi, na mtu aliyelala vizuri huhisi maumivu kidogo kuliko aliyekesha. Sonona na wasiwasi, ambavyo mara nyingi huandamana na maumivu sugu, navyo hupungua.

Njia ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote ni ile ya kujifunza. Kila unapoinama, ukainuka, na hakuna kilichovunjika, mfumo wa fahamu unapata ushahidi. Ushahidi wa mara moja hautoshi. Wa wiki nyingi ndio unaobadilisha kitu.

Je, yatamaliza maumivu kabisa?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Kwa wengi, hapana, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia kitu. Mwaka 2017 Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, lilikusanya tathmini 21 za tafiti kuhusu mazoezi na maumivu sugu ya watu wazima. Nafuu ya maumivu ilikuwa ndogo hadi ya wastani na haikuonekana katika kila utafiti. Uwezo wa kufanya shughuli ulielekea kuongezeka. Madhara yalikuwa machache, hasa maumivu ya misuli yaliyopungua baada ya wiki chache.

Kwa hiyo usijipime kwa maumivu peke yake. Jiulize: naweza kusimama jikoni muda mrefu zaidi? Naamka mara chache zaidi usiku? Nimeweza kumbeba mtoto? Mambo haya aghalabu hubadilika kabla maumivu hayajapungua, na anayeangalia maumivu tu hukata tamaa wakati ambapo tayari anasonga mbele.

Nitaona tofauti baada ya muda gani?

Jipe wiki 6 hadi 12 za mfululizo kabla ya kuamua kwamba zoezi fulani halikufai. Wiki 2 za mwanzo huenda ukaumwa zaidi kidogo.

## Kabla ya kuanza

Ni lazima nimwone daktari kwanza?

Kama maumivu yako yameshachunguzwa na unataka kuanza kutembea dakika chache, huhitaji ruhusa ya mtu. Lakini zipo dalili ambazo hazingoji mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, ganzi kwenye eneo linalogusa tandiko la baiskeli, au miguu inayopoteza nguvu. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa, na kila saa ina thamani.

Usiahirishe pia kumwona daktari kama una homa pamoja na maumivu ya mgongo, unapungua uzito bila sababu, umewahi kuugua saratani na sasa una maumivu mapya, umeanguka au kupata ajali, au maumivu yanazidi usiku bila kutulia kwa mkao wowote. Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi wakati wa zoezi maana yake ni kuacha pale pale na kutafuta msaada.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mifupa dhaifu au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aongee na daktari kabla ya kuongeza kasi au uzito.

Picha ya MRI imeonyesha diski zangu zimechakaa. Sitaziharibu zaidi?

Diski ni zile pedi zilizo kati ya pingili za mgongo, na swali hili limewafunga watu wengi vitandani. Majibu ya picha huandikwa kwa maneno mazito: kuchakaa, kuvimba, kuchomoza. Mgonjwa akiyasoma anauona mgongo wake kama ukuta uliopasuka, na kuanzia siku hiyo hainami tena.

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 2015 ilichapishwa tathmini iliyokusanya picha za migongo ya watu *wasio na maumivu yoyote*. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao walikuwa wakiendelea na maisha yao bila hata kujua. Mabadiliko mengi yanayoonekana kwenye picha ni ya umri, kama mvi, na peke yake hayatoshi kueleza kwa nini mmoja anaumwa na mwenzake haumwi.

Hiyo haimaanishi kila picha ipuuzwe. Uvimbe, mfupa uliovunjika, maambukizi na neva iliyobanwa sana ni mambo mengine. Muulize daktari swali moja la wazi: "Kuna chochote kwenye picha hii kinachonizuia kufanya mazoezi?" Akisema hapana, neno *kuchakaa* lisikuamulie maisha. Diski na viungo ni tishu hai, na hupata nguvu vikipewa mzigo unaopanda polepole.

Zoezi gani ni bora kuliko mengine?

Lile utakaloendelea kulifanya mwezi wa nne. Tafiti za mgongo zimelinganisha kutembea, kuogelea, yoga, tai chi (mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole), mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha viungo, na tofauti kati yao si kubwa kiasi cha kumlazimisha mtu kufanya asichokipenda. Kama huna pa kuanzia, chukua kutembea, ongeza kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, na kusukuma ukuta kwa viganja. Vitatu hivyo vinagusa pumzi, miguu na mikono, na havihitaji kifaa. Jimu si lazima.

## Kiasi: hapa ndipo wengi hukwama

Nianze na kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Naomba jibu hili ulisome hata kama mengine utayaruka.

Wengi wetu hufanya kazi mpaka maumivu yatushinde, ndipo tunapumzika. Inaonekana busara, lakini ina kasoro moja kubwa: maumivu ndiyo yanayotoa amri, na kila yakipanda yanalipwa kwa mapumziko. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, aliliona hilo miongo mingi iliyopita akaugeuza utaratibu. Wagonjwa wake walipangiwa kiasi cha zoezi mapema, na walipumzika baada ya kukimaliza, si baada ya kuumia. Kiasi chenyewe kilianzia chini ya kile ambacho tayari walikiweza.

Fanya hivi. Chagua shughuli moja, tuseme kutembea. Kwa siku 4, zikiwemo mbaya, pima unatembea muda gani kabla maumivu hayajaanza kupanda wazi. Tuseme umepata dakika 12, 5, 9 na 6. Wastani ni dakika 8. Anza na nusu yake: dakika 4. Tembea dakika 4 kila siku, asubuhi na jioni ukiweza, kisha acha. *Acha hata kama unajisikia vizuri.* Hapo ndipo ugumu ulipo, maana dakika 4 zinaonekana kama dharau kwa mtu aliyewahi kukimbia. Lakini dakika 4 zilizofanyika siku 7 zinampa mwili kile ambacho dakika 40 za siku moja, zikifuatwa na siku 3 kitandani, haziwezi kumpa.

Niongeze lini, na kwa kiasi gani?

Ukimaliza wiki nzima bila kuruka na bila kuzidiwa, ongeza takriban sehemu moja ya kumi, au dakika moja kama unaanzia chini kabisa. Aliyeanza na dakika 4 na kuongeza dakika moja kila wiki atafikia dakika 14 baada ya wiki 10. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: muda, au kasi, au uzito. Ukiongeza vyote ukazidiwa, hutajua kipi kimekuponza. Wiki ikiwa mbaya, baki palepale.

Wakati wa zoezi, maumivu kiasi gani yanakubalika?

Yape namba kati ya 0 na 10. Wataalamu wengi wa fiziotherapia hutumia kanuni hii: hadi 2 hakuna shaka, 3 hadi 5 inavumilika, mradi yarudi kwenye kiwango chako cha kawaida kufikia kesho asubuhi, zaidi ya 5, punguza. Kama maumivu yako ya kila siku tayari ni 6, angalia yanapanda kiasi gani na yanakaa muda gani. Kupanda kwa namba moja au mbili kunakotulia ndani ya saa 24 si dalili ya kuharibika.

Usichanganye na uchovu wa misuli. Misuli iliyofanya kazi isiyoizoea huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24, hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hupoa. Huuma pande zote mbili, hasa ukiigusa. Maumivu makali ya ghafla, kiungo kinachovimba, ganzi mpya au udhaifu mpya ni jambo tofauti: acha na uchunguzwe.

Siku njema nafanya kila kitu, kisha nalala siku mbili. Nakosea wapi?

Hukosei kwa uvivu wala kwa udhaifu. Mtu aliyekosa siku nyingi akipata siku moja nzuri, kwa nini asifue, asipange kabati, asitembelee ndugu? Lakini miezi ikipita hivyo, kila kilele kinafuatwa na shimo, na shimo linazidi kuwa refu.

Dawa yake ni ile ile ya kiasi kilichopangwa mapema (tazama *Nianze na kiasi gani?*), safari hii ikihusu kazi za nyumbani pia. Gawa kazi kubwa kwa saa, si kwa kumaliza. Nguo zinaweza kufuliwa kwa vipande vya dakika 15, katikati ukikaa kabla hujalazimika kukaa. Walio nyumbani nao waelezwe, kwa sababu wao wakikuona umesimama siku njema hudhani umepona, na siku mbaya hudhani unajifanya.

Maumivu yamelipuka ghafla. Niache mazoezi?

Punguza, usiache. Kama hakuna dalili za hatari (tazama *Ni lazima nimwone daktari kwanza?*), shuka hadi nusu ya kiasi chako, au hata robo, kwa siku 2 au 3, kisha panda tena kwa hatua. Vuta pumzi polepole, tumia kitambaa cha moto au cha baridi kadiri unavyopata nafuu, na ujikumbushe kwamba milipuko huja hata kwa wanaofanya kila kitu sawasawa. Usingizi mbaya, ugomvi, mafua au hedhi vinaweza kuiamsha bila zoezi kuhusika.

Andika mpango wa siku hizo mapema, ukiwa na akili tulivu. Mtu anayeumwa sana hapangi vizuri.

Nasimama kazini kutwa nzima. Hayo si mazoezi?

Ni kazi ya mwili, na ihesabiwe katika jumla ya mzigo wako. Lakini kusimama mahali pamoja au kurudia mwendo ule ule saa 8 hakuuzoeshi mwili mambo yote unayoyahitaji. Wenye kazi nzito kwa kawaida hufaidika zaidi na mazoezi mafupi ya nguvu ya siku 2 kwa wiki, pamoja na kubadilisha mkao mara kwa mara kazini.

WHO inasema dakika 150 kwa wiki. Nami niko kwenye dakika 4!

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafikie dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko kukaa tu. Ichukue 150 kama upande unaoelekea, hata kama hutaufikia mwaka huu. "Wastani" maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

## Dawa na vifaa

Ninywe dawa ya maumivu kabla ya mazoezi?

Kama daktari amekupangia dawa, unaweza kupanga zoezi lako liangukie muda ambao inafanya kazi. Usiongeze dozi ili ufanye zaidi. Utapita kiasi chako bila kujua, na kesho itakudai. Gabapentini, pregabalini, amitriptilini na dawa za jamii ya afyuni huleta usingizi na kizunguzungu, hivyo mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yafanyike karibu na ukuta. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huzuia moyo kwenda mbio: usitumie mapigo ya moyo kujipima, tumia kipimo cha kuongea. Usiache dawa yoyote ghafla kwa sababu tu umeanza mazoezi.

Mkanda wa kiuno utanisaidia?

Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini haushauri mikanda hiyo itumike kama tiba ya kawaida, wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Unayoyashauri ni pamoja na elimu, mazoezi na tiba za kisaikolojia.

## Hali maalum

Magoti yangu yamesagika. Kutembea hakutayamaliza?

Hapana. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye majimaji ya kiungo, na majimaji hayo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa. Imarisha misuli ya mbele ya paja na ya nyonga, tembea, endesha baiskeli. Kama una uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Nina fibromialgia, na hata kuoga kunanichosha.

Mapendekezo ya EULAR, muungano wa Ulaya wa wataalamu wa baridi yabisi, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalipima tiba nyingi za fibromialgia, hali ya maumivu ya mwili mzima na uchovu. Mazoezi peke yake ndiyo yaliyopewa pendekezo la nguvu. Tatizo ni kasi: anza chini hata ya nusu iliyotajwa hapo juu, na uongeze kila baada ya wiki 2 badala ya moja. Maji ya uvuguvugu na tai chi huwafaa wengi.

Baridi yabisi inapopamba moto je?

Kiungo chenye joto na uvimbe kisibebeshwe uzito. Kikunjwe na kukunjuliwa taratibu kadiri kinavyoruhusu ili kisikakamae. Viungo vingine viendelee kama kawaida.

Nina kisukari na miguu inaungua na kufa ganzi.

Unaweza kufanya mazoezi, kwa uangalifu wa nyayo. Vaa viatu visivyobana, kagua nyayo kila siku ukitumia kioo, na ukiona kidonda hamia kwenye mazoezi ya kuketi hadi kipone. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari sana apime kabla ya zoezi na awe na kitu kitamu karibu.

Nina selimundu. Mazoezi hayataleta shambulio?

Mazoezi makali, upungufu wa maji na baridi kali vinaweza kuliamsha. Mazoezi mepesi yanayopanda polepole yanawezekana kwa wengi, baada ya kuongea na daktari wako: kunywa maji kabla, wakati na baada, pumzika mara kwa mara, epuka jua kali na maji ya baridi, na usishindane na mtu.

Kila nikifanya zoezi dogo nazimika kabisa siku inayofuata. Nijikaze?

Usijikaze. Kama juhudi ndogo ya mwili au ya akili inafuatwa, saa kadhaa au siku moja baadaye, na uchovu mzito, akili kuwa na ukungu na usingizi usioburudisha kwa siku nyingi, mweleze daktari. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ME/CFS, ugonjwa wa uchovu sugu, na huonekana pia kwa baadhi ya waliopata UVIKO-19. Kwao, utaratibu wa kuongeza kila wiki unaweza kudhuru. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kupandishwa kwa ratiba isiyobadilika kwa wagonjwa hawa. Majibu ya sehemu ya kiasi hayawahusu; wao hulinda akiba yao ya nguvu kwanza.

Nina miaka 75. Si nimechelewa?

Misuli huitikia mazoezi ya nguvu hata kwa wenye miaka 90. Ongeza mazoezi ya kulinda mizani siku 3 kwa wiki, kama kusimama kisigino mbele ya kidole gumba ukiwa umeshika meza.

Niliacha miezi miwili. Nirudie nilipoishia?

Anzia nusu ya pale ulipoishia, na kama uliacha kwa sababu ya ugonjwa, robo. Utapanda haraka kuliko mara ya kwanza. Kabla ya kuanza, tafuta kilichokusimamisha: kama ulizidiwa, hatua zako zilikuwa kubwa, kama ulichoka na zoezi lenyewe, badilisha zoezi, kama ratiba ya nyumbani ilivurugika, libandike kwenye jambo ambalo halikosekani, mfano mara tu baada ya kupiga mswaki.